Kabureta ya Mbele

Watu waliompelekea cherehani zao walidhani Bisibisi ni mtu asiye na haraka na jambo lolote duniani. Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya duka la vitambaa na duka la vifungo, na ndani yake viliweza kuenea meza moja, taa moja ya shingo ndefu, fundi, na mteja mmoja aliyesimama. Mteja wa pili alisubiri nje. Bisibisi angeivuta cherehani, alizungushe gurudumu lake kwa kidole kimoja, kisha aseme, "Hii haiumwi, ni uchafu tu," na mwenye mali akashusha pumzi. Mikono yake ilikuwa na akili ya peke yake. Angeweza kufungua skrubu ndogo kuliko punje ya mchele huku akikulalamikia bei ya uzi, na macho yake yakiwa barabarani.

Kilichokuwa chini ya meza wateja hawakukijua. Kulikuwa na kopo kubwa la biskuti, na ndani ya kopo kabureta moja ya gari, yenye makoo mawili, imeviringishwa kitambaa cha pamba. Kila Jumamosi kabla ya kufunga, Bisibisi aliitoa, akaipangusa, akaipaka mafuta mepesi, akairudisha. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Ilikuwa kabureta ya nyuma. Ya mbele hakuwa nayo, na hiyo aliitamani kuliko kitu chochote alichowahi kukitamani tangu apate mke.

Tuelewane mapema, maana habari za injini zina tabia ya kuwafukuza watu wema. Kabureta kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kabla injini haijala. Magari mengi ya zamani yana moja, na maisha yanakwenda. Gari la Bisibisi lilikuwa na mbili, moja ikilisha silinda mbili za mbele, nyingine mbili za nyuma, na lazima zivute hewa sawasawa. Zikipishana, injini inakohoa, inanuna, na mwisho inajiua. Basi, ukijua hayo unajua zaidi kuliko vijana wengi wanaojiita mafundi.

Gari lenyewe liliitwa Nyigu, kwa unjano wake na kwa kelele zake. Lilikuwa dogo, la milango miwili, la kampuni iliyofunga kiwanda zamani, na wanaojua walisema yamebaki manne tu nchini, mawili kati yake yakiwa mabanda ya kuku. Bisibisi na kaka yake walilinunua ujanani kwa daktari wa meno aliyekuwa akihama. Walilivua injini, wakaivua injini yenyewe nguo zote. Wakatia pistoni nyepesi, wakatia shafti kali ya kufungulia vali, wakakunja mabomba manne ya moshi kwa mikono yao. Kabureta mbili wakazipata kwa mtu aliyevunja gari la mashindano. Makoo yake yalikuwa membamba, kwa hiyo wakakaa barazani jioni baada ya jioni wakiyapanua kwa msasa, kaka ya mbele, mdogo ya nyuma, wakipokezana kipimo kimoja, hadi makoo yote manne yakalingana. Hakuna kiwanda kilichotoa kabureta kama zile. Zilikuwa mbili tu chini ya jua.

Kaka huyo watu walimwita Sikio. Mkono wake ulikuwa mzito, angeweza kuvunja spana ya chuma kwa kuifundisha adabu, lakini masikio yake yalisikia mambo ambayo injini yenyewe ilikuwa haijayajua. Kulinganisha kabureta mbili kulihitaji watu wawili. Sikio aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachomeka ncha ya mpira wa maji sikioni, na Bisibisi akaishika ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta huku injini ikinguruma, bisibisi ikiwa mkono wa kulia. Sikio alisikiliza jinsi hewa inavyopita, kwanza ya mbele, halafu ya nyuma, akaamuru. "Fungua. Fungua. Rudi kidogo. Fungua nusu ya nusu. Hapo! Toa mkono!"

Bisibisi alikuwa na ugonjwa mmoja, hakujua kutoa mkono. Hata baada ya kuambiwa hapo, vidole vilimwasha, akaongeza chembe moja ya kujifurahisha. Sikio hakuhitaji kumtazama. Aliuchomoa mpira sikioni na kumchapa nao utosini. "Nimesema hapo!" Kisha wakaanza upya, mmoja akitukana na mwenzake akicheka. Siku hizo mama yao alikuwa hai, na aliwaambia majirani kwamba amezaa watoto wawili ili apate fundi mmoja.

Sasa lile lililowatenganisha. Kila mwaka yalikuwepo mashindano ya kupanda barabara ya machimbo ya kokoto, na mwaka ule Nyigu alikuwa ameingia mzunguko wa mwisho. Asubuhi ya siku hiyo Sikio alichelewa. Bisibisi alimsubiri, akasubiri, akatazama mpira uliolala kwenye ndoo, na wazo likamjia, kwa nini nisijaribu mwenyewe? Alikuwa amechoka kuwa mkono tu. Akajichomeka mpira sikioni, akasikia anachotaka kusikia, akageuza skrubu. Kaka yake alipofika akamwambia, "Nimeshamaliza, panda twende." Nusu ya kilima injini ikapiga yowe. Pistoni moja ilitoboka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, shafti ikakwaruzika, moshi ukawafunika mbele ya watu wote.

Sikio alishuka, akafungua boneti, akainamisha kichwa, akaelewa kila kitu bila kuambiwa. "Uligusa peke yako," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo umati wote uliisikia, "Wewe bila mimi ni bisibisi tu."

"Na wewe bila mimi ni sikio tu," Bisibisi akajibu. "Hata mbuzi ana masikio."

Watu walicheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu zaidi, maana maneno ya faragha yangeweza kufutwa, lakini yale yalikwisha kuwa mali ya mji. Wakagawana gari. Mafundi wakigombana hawagawani kama watu wengine. Gari na injini iliyokufa vilibaki kwa Bisibisi kwa kuwa vilikuwa uani kwake, na Sikio akasema yeye anachukua kabureta. "Zote?" akauliza mdogo. "Moja nimeipanua mimi." "Basi kila mtu na jasho lake," akasema mkubwa, akafungua nati nne, akaondoka na ya mbele chini ya kwapa. Mwezi haukwisha akahama mji na mke wake. Kabureta moja ya jozi ile haina kazi yoyote duniani, hata ya kuzuia mlango haifai kwa kuwa ni nyepesi. Wote wawili walilijua hilo, na wote wawili walikuwa radhi iwe hivyo.

Mama yao alipofariki walisimama pande mbili za kaburi, wakapeana mikono kama watu wa ofisi mbili. Baada ya hapo kimya.

Bisibisi aliacha magari, akaingia kwenye cherehani, lakini Nyigu hakumwuza. Alimfunika turubai uani, na mkewe akalizoea turubai lile hata akaanza kulitania. "Mwenzangu ameamkaje leo?" angeuliza akianika nguo. "Umemsalimia mke wako mkubwa?" Bisibisi alicheka, kisha akainua pembe ya turubai na kutazama. Mwaka wa pili akaanza kutafuta spea. Wapo watakaosema alitaka tu gari litembee, na yeye mwenyewe alisema hivyo. Alizunguka viwanja vya vyuma chakavu vya mji mzima, akachafua suruali zote, mkewe akazifua. Alipiga simu kwa watu asiowajua. Alijiunga na kundi la kwenye simu la wapenzi wa magari ya zamani, ambao walitumiana picha za magari yasiyotembea na kupongezana. Pistoni aliipata kwenye pampu ya kumwagilia shamba, ya kipimo kilekile, baada ya kumbembeleza mwenye shamba misimu miwili. Shafti ilichongwa upya na mkerezaji mmoja mzee aliyekubali tu ili amwondoe Bisibisi mlangoni kwake. Mabomba, yale ya kwanza yakiwa yameliwa na kutu, aliyakunja upya mwenyewe. Mwaka wa kumi na sita injini ilikamilika, tayari, inang'aa, ikiwa na tundu mbili wazi mahali pa kabureta ya mbele.

Na tangu ule mwaka wa pili, kila mwisho wa mwezi alikwenda kwa Mama Gasketi. Huyu alikuwa mjane mwenye duka la spea lililojaa hadi dari, na hakuna kilichoingia mjini chenye uzi wa skrubu asichokijua. Bisibisi aliuliza swali lilelile, "Ile ya mbele?" Naye alijibu jibu lilelile, "Bado, baba." Akanunua kitu kidogo asije akaonekana amekuja bure, akaondoka.

Mwezi wa tano wa mwaka huu Mama Gasketi hakumjibu. Aliinuka, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akaweka boksi juu ya kaunta.

"Fungua," alisema.

Zilikuwa kabureta mbili. Aina ileile, namba zilezile, mpya, karatasi za kiwandani bado zimezizunguka.

"Zimetoka kwenye kontena la juzi. Sijamwonyesha mtu. Chukua jozi nzima, tupumzike mimi na wewe."

Bisibisi alizigeuza, akazigeuza tena. "Koo lake jembamba," alisema.

"Si utapanua? Mlipanua zile."

"Hii skrubu yake ya pembeni imekaa vibaya."

"Imekaa ilipowekwa na kiwanda."

"Halafu rangi yake... siipendi."

"Rangi!" Mama Gasketi alipiga kaunta. "Kitu kinakaa chini ya boneti, nani atakiona? Panya? Nisikilize, Bisibisi. Mtu anayetaka gari litembee, ningemwonyesha boksi hili angenibusu mikono. Wewe unatafuta visingizio kama mtoto aliyeambiwa akaoge. Hutafuti kabureta, unamtafuta kaka yako. Sema tu, mlango nimefunga."

Bisibisi alizirudisha kwenye boksi moja moja. Mtu wa miaka hamsini na saba, akalisukuma boksi mbali. "Nataka ile aliyoipanua yeye," alisema. "Nataka aniambie hapo, toa mkono. Hicho tu, mama. Nikisikia mara moja inatosha."

Mama Gasketi alikaa kwenye kigoda, akavua miwani, akaifuta kwa kanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Basi na mimi nitue mzigo," alisema. "Aliniapisha, lakini Mungu atanisamehe. Kaka yako huja hapa kila mwaka. Wiki ya kwanza ya Januari. Anasafiri saa nne, anasimama hapo ulipo, anauliza, 'Mdogo wangu ameshaipata ya mbele?' Namwambia bado. Anafurahi, anaona haya kwa kufurahi, ananunua plagi moja, anarudi kwao. Plagi moja! Injini inataka nne."

"Miaka yote hiyo? Na hukuniambia?"

"Alisema ukijua utadhani anakucheka."

"Na alikuwa ananicheka?"

"Ewe mwanaume, nani atasafiri saa nne kwenda na saa nne kurudi akacheke kwa plagi moja?"

Bisibisi alishika ukingo wa kaunta. "Mwaka huu alisemaje?"

"Ndiyo maana nimefunga mlango," alisema Mama Gasketi. "Mwaka huu hajaja."

Kesho yake asubuhi Bisibisi alivaa shati la kwenda kwa watu, akachukua kopo la biskuti. Mkewe alimfungia vifungo vya mikono, maana ile mikono yenye akili ilikuwa imeyakosa matundu mara mbili.

"Unakwenda kuomba au kutoa?" aliuliza.

"Kutoa. Nampa ya nyuma. Zikae pamoja kwake, hata kama sitaziona tena."

"Na ukifika utaanza na neno gani?"

Hilo alilitafakari njia nzima. Alitunga salamu, akaifuta, akatunga nyingine yenye mzaha, akaifuta. Hadi gari linasimama kwenye mji wa kaka yake alikuwa hana hata moja, ila lile kopo mapajani.

Shemeji yake ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amezeeka ghafla kama watu wanavyozeeka usipowatazama. Hakushangaa, alimshika kiwiko tu kana kwamba atakimbia.

"Karibu, shemeji. Karibu ndani. Lakini nisikie kwanza. Amepata kiharusi. Mwezi wa kwanza. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno hayatoki. Anaelewa kila kitu, lakini hayatoki. Nilitaka kukupigia simu. Nikamwuliza, akatikisa kichwa hadi machozi yakamtoka. Hakutaka umkute hivi."

Bisibisi alisimama palepale juu ya zulia la mlangoni. Alichokuja kukitafuta ni sauti. Alihisi kama aliyefika stesheni akaonyeshwa reli tupu. Kisha akavua viatu, akaingia.

Sikio alikuwa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Alipoona ni nani, macho yalitoka, akageuza uso ukutani kwa aibu. Bisibisi alipiga magoti, akaweka kopo sakafuni. "Shikamoo, kaka," alisema. Lilikuwa neno la kwanza alilopaswa kulisema miaka kumi na tisa iliyopita, na wala halikuhitaji kutungwa.

Kutoka kooni kwa Sikio ilitoka sauti ya "ha, ha," kipande cha marahaba, basi. Mkono wa kushoto ukashuka, ukatua kwenye kichwa cha mdogo wake, ukabaki hapo.

Shemeji aliwaacha, akarudi na mkoba wa safari wenye vumbi. "Huu ulikuwa nyuma ya mlango wa chumbani. Alianguka bafuni asubuhi aliyokuwa anaondoka kuja kwenu. Safari hii alisema haulizi tena dukani, anakuja kwako moja kwa moja." Ndani ya mkoba kulikuwa na shati, mswaki, na kitu kizito kilichovalishwa soksi ya sufi. Bisibisi aliivua ile soksi. Ilikuwa safi kama jana. Alitoa ya kwake kwenye kopo, akaziweka kabureta mbili ubavu kwa ubavu mapajani mwa kaka yake, akaingiza kidole cha mwisho kwenye koo la mbele, halafu kwenye koo la nyuma. Zilikuwa laini sawasawa. Pale dirishani zilipangwa plagi mpya, kila moja ndani ya boksi lake, safu nzima, na hakuna aliyehitaji kumweleza ni za nini.

"Nichukue ya mbele niende nayo?" Bisibisi alimwuliza kaka yake, akajibu mwenyewe kabla mwenzake hajajaribu. "Hapana. Mimi sina sikio. Ninamleta Nyigu hapa."

Mkewe alipopigiwa simu alisema ni mara ya kwanza kusikia mume anamhamisha mke mkubwa kwa lori. Lori lilikuwa la Mama Gasketi, na dereva wake aliendesha saa sita badala ya nne kwa kuogopa kulikwaruza gari aliloambiwa kuwa yamebaki manne. Bisibisi alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba chake cha kazi, "Nina mgonjwa," na kwa siku nne aliinama chini ya boneti kwenye ua wa kaka yake, Sikio akiwa kitini pembeni, akimfuata kwa macho. Kila chombo kilichopita kilionyeshwa kwanza. Pistoni ya pampu ya shamba ilielezwa historia yake yote, na bega la kushoto la Sikio likatikisika kwa kicheko. Plagi nne zikachaguliwa kwenye safu, na aliyechagua ni yeye, kwa kidole.

Siku ya nne, alasiri, Bisibisi alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikakohoa, ikatema moshi wa miaka, kisha ikashika. Majirani walitoka. Ilikuwa inapiga kelele za ovyo, vilevile kama ilivyotarajiwa, maana kabureta mbili zilizoachana miaka yote hiyo zilikuwa bado hazivuti pamoja. Bisibisi alikata kipande cha mpira wa maji wa shemeji yake bila ruhusa, akakipeleka kitini.

Hapa palikuwa na tatizo, na walilitatua bila mkutano. Mkono mzima wa Sikio ulikuwa mmoja, nao ulihitajika kushika mpira sikioni. Aliutazama mguu wake wa kushoto, akaugonga chini mara moja. Bisibisi akasema, "Moja, nifungue." Akagonga mara mbili. "Mbili, nirudi." Kisha akapiga kishindo kwa kisigino. "Hiyo naijua," alisema Bisibisi. "Hiyo ni hapo."

Akashika ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, halafu ya nyuma, halafu ya mbele. Sikio alifumba macho. Uso ule uliopinda ulitulia, na kwa kitambo hakuwa mgonjwa wa mtu, alikuwa fundi kazini. Akagonga moja. Moja. Mbili. Moja, polepole, ya nusu ya nusu. Chini ya bisibisi skrubu ilikuwa inasogea kiasi cha unywele, na kelele za ovyo zikaanza kukaa mahali pake, silinda ya kwanza ikimngoja mwenzake, wa tatu akiingia kwa zamu yake, hadi mngurumo ukawa mmoja, mnene, ule uliokuwa ukipanda barabara ya machimbo wakati mama yao yuko hai.

Kisigino kikapiga kishindo.

Bisibisi aliusikia mngurumo na kuutambua, akajua kazi imekwisha. Hicho ndicho alichokitafuta, na sasa kilikuwa mkononi, na mara tu akitoa mkono kitakuwa kimepita. Neno lile asingelisikia tena, hilo alikwisha kulikubali kwenye zulia la mlangoni. Lakini hakutaka kutoa mkono. Alitaka waendelee, waketi hivyo na mpira kati yao hadi petroli iishe. Kwa hiyo, akijua kabisa anachokifanya, akaongeza chembe moja.

Mngurumo ukayumba kidogo tu. Hakuna jirani aliyesikia.

Mpira ukamtua utosini, pwaa, kwa nguvu zote za mkono wa kushoto. Aligeuka. Sikio alikuwa amekodoa macho, nyusi zimegongana, mdomo uliopinda ukihangaika na tusi lisilotoka, kisha tusi lenyewe likashindwa na kicheko. Bisibisi alipiga magoti pale pale kwenye mafuta, ameshika kichwa, machozi yakimchuruzika bila kificho, akapaza sauti kuelekea jikoni kuliko alivyowahi kupaza tangu utotoni.

"Shemeji! Shemeji, njoo uone! Kaka amenipiga!"